Kikombe cha Babu: ulimwamini nani, Babu au mashine?

Wakuu, jana kuna jamaa kanibishia sana, anasema watu wa sayansi na watu wa dini wote waumini tu, tofauti yao nguo, huyu kavaa koti jeupe yule kanzu. Nikacheka. Ila usiku nikiwa nimelala nikaona ana ukweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndo nataka tubishane.

Rudini 2011, kijiji cha Samunge kule Loliondo, mkoani Arusha. Mchungaji mstaafu wa KKKT (Walutheri), Ambilikile Mwasapile, ndo huyo Babu (alifariki 2021, Mungu amrehemu), anasema kaoteshwa na Mungu dawa ya mizizi ya mti wa mugariga, inachemshwa, unakunywa kikombe kimoja tu kwa shilingi 500, basi kisukari, pumu, saratani mpaka ukimwi kwisha habari yake. Foleni ya magari ikawa kilomita kwa kilomita, porini, maji shida, choo shida, wagonjwa wengine wakafia kwenye foleni. Na msiniambie waliokwenda ni wasiosoma, mawaziri walikunywa, wabunge walikunywa, wenye pesa zao walishuka na helikopta.

Mama mkubwa wangu naye akaenda. Karudi vumbi mpaka kwenye kope, furaha tele, sasa kitu cha kwanza kuomba mnajua nini? Apelekwe akapime sukari! Yaani anaamini kabisa amepona lakini anataka kale kamashine ka kutoboa kidole nako kaseme amina. Majibu ni siri yake, ila vidonge hakuacha, ukimuuliza anakwambia Mungu hajakataza vidonge.

Sasa jamaa atasema hata wewe hako kamashine hujui kanavyofanya kazi, unakaamini tu. Kweli, sijui. Lakini nikikatilia shaka naenda kupima kwingine, kwa mtu asiyenijua, kwa mashine nyingine, na namba zikipishana sana naruhusiwa kugomba na hakuna atakayeniita mwasi. Kikombe je? Babu alisema dawa inafanya kazi akiitoa yeye mwenyewe, pale pale Samunge, kwahiyo ukichimba mzizi ule ule ukachemsha kwenu hujapima kitu. Na ukisema hujapona wapo watakaokugeuzia kibao, imani yako ndogo. Hapo unabishana vipi na mtu?

Alafu watu wa dini msininunie, mi mwenyewe Jumapili nipo kanisani. Na tena mambo hayajakaa kanisa huku maabara kule, kumbukeni Januari 2021, wakubwa wanatuambia corona nchini hakuna, maaskofu Katoliki wa TEC, baraza lao la Tanzania, ndo waliotoa waraka kuwaonya waumini wachukue tahadhari, wakati wasomi wetu wengi wenye vyeti ukutani walikuwa kimya kama wamemwagiwa maji. Siku ile mwenye kanzu ndo aliongea kisayansi, mwenye koti jeupe akawa anaogopa kibarua chake. Kwahiyo hoja ya nguo mi naitupa, nachoangalia ni huyu mtu nikimuuliza "umejuaje" ananijibu au ananikemea.

Haya, mliokunywa kikombe mpo humu, msijifiche. Mliporudi mlienda kupima? Na kama karatasi ya hospitali ilisema tofauti na mlivyojisikia, mlishika lipi?