Mahindi magumu na mahindi laini mashineni: tupeane uzoefu

Mama Sembe: Ndugu zangu, juzi nilikoboa madebe mawili ya mahindi laini, yale yenye kibonyeo kichwani, nikarudi na pumba nyingi mno. Nilimkumbuka marehemu mama, ambaye aliing'ata punje sokoni kabla ya kuuliza bei. Wenzangu yamewakuta yapi?

Fundi Mkanda: Dada, punje laini humeguka ndani ya kinu cha kukobolea kabla ganda halijatoka, na unga wake ukapita wavuni pamoja na pumba. Punje ngumu inayong'aa hustahimili msuguano, ganda likaondoka, yenyewe ikabaki.

Mzee wa Dona: Dawa ni kuacha kukoboa.

Mama Sembe: Mzee wangu, dona tutaijadili siku nyingine.

Msagaji Mstaafu: Mimi magumu ndiyo yaliyoniaibisha. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja alileta gunia la mahindi yaliyokauka hata yakalia kama kokoto. Kukoboa kulikwenda vizuri, lakini kwenye mashine ya nyundo nikayafungulia kwa pupa, kama nilivyozoea kwa mahindi laini, nikasahau kwamba magumu hukaa ndani muda mrefu zaidi kabla ya kupita kwenye chekeche. Injini ikazidiwa, mkanda ukateleza na kutoa moshi, kisha chekeche ikapasuka kwa mshindo, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakakimbilia nje. Unga ulijaa chenga, nikamlipa yule mama kwa mahindi yangu mwenyewe.

Fundi Mkanda: Usiyasingizie mahindi, mkuu. Nyundo zako zilikuwa zimelika.

Msagaji Mstaafu: Nyundo zilikuwa mpya, na wewe hukuwapo.

Binti Kinu: Yanyunyizieni maji kidogo kabla ya kukoboa, ganda hulegea.

Mzee wa Dona: Na unga uvunde gunia zima?

Binti Kinu: Nimesema kidogo, babu, na unga huanikwa.

Mpita Njia: Nimeishi Malawi, ambako akina mama wanaotwanga kwa mchi waliyakataa mahindi laini ya chotara kwa sababu hiyohiyo ya kumeguka na kupotelea kwenye pumba, mpaka mwaka 1990 zilipotolewa mbegu chotara za MH17 na MH18 zenye punje ngumu zaidi. Isitoshe, punje ngumu huwachosha fukusi ghalani.

Mtwangaji: Kweli tupu.

Mama Sembe: Basi kesho naenda sokoni na mjukuu wangu, kwa kuwa mwenye meno ya kung'atia ni yeye.