Familia Moja 💚: ile picha ya mtoto

Mjomba: _Imetumwa mara nyingi_
TAFADHALI USIPITE BILA KUSOMA!!! Mtoto huyu ana ugonjwa wa kichwa kikubwa anahitajika kupelekwa nje kwa upasuaji NDANI YA SAA 48 la sivyo tunampoteza. Toa ulichonacho. Namba ya mama yake iko chini ya picha. Tuma kwa watu 10 na wewe Mungu atakukumbuka

Mjomba: Familia hili si la kulala nalo. Mfuko wetu si una kitu? Tufanye fasta

Mama Mdogo: Jamani 😭😭 katoto ka watu. Yaani macho yanavyoangalia chini kama kanaona aibu

Kitinda: nimeumia. tunachanga au

Shangazi: Subirini kwanza. Hela ya mfuko haitoki kwa picha. Dada Nesi yuko wapi?

Mjomba: Shemeji saa 48 zinahesabika

Dada Nesi: Nimetoka thieta sasa hivi nimekuta meseji 31. Mama Mdogo hayo macho sio aibu, ndo dalili yenyewe. Maji yakijaa kichwani presha inasukuma macho yanabaki yameelekea chini, weupe unaonekana juu ya mboni kama jua linalozama. Kwahiyo mtoto ni mgonjwa kweli

Mjomba: Si nilisema

Dada Nesi: Mtoto ni mgonjwa kweli mjomba. Stori ndo sina uhakika nayo. Hospitali gani? Daktari nani kasema saa 48? Nje wapi? Na hilo la lazima nje linanikera maana huu ugonjwa unatibika huku huku kwetu, hospitali ya CURE pale Mbale Uganda wanawafanyia watoto hawa tangu 2001, na ile njia ya kutoboa kitundu ndani ya ubongo maji yapite yenyewe huku wanachoma sehemu inayoyatengeneza, daktari Benjamin Warf aliikuzia pale pale Mbale. Mtoto anaweza asihitaji hata ule mpira wa kushusha maji tumboni ambao ukiziba ni kurudi thieta tena. Leo hii watu wa Marekani wanaitumia, imetoka huku

Kitinda: eeh kumbe

Kaka Mkubwa: Nimeitafuta hiyo picha kwenye intaneti. Ipo ya miaka 4 nyuma. Jina tofauti, namba tofauti, saa 48 zile zile 😂

Mama Mdogo: Yaani saa 48 miaka minne

Kaka Mkubwa: Mtu kaiba picha ya mtoto wa watu anaombea hela. Na huyo mtoto wa kwenye picha hajui lolote, labda alishapona labda hayupo

Shangazi: Ndo maana nikasema subirini.

Bibi: 🎤 0:52

Kitinda: bibi anasema msicheke, na hata kama huyo ni mwongo kuna mwingine wa kweli sasa hivi amelala hana hela, kwahiyo mfuko usikae tu, tumtafute wa kweli

Kaka Mkubwa: Bibi kanena. Zipo njia. Kuna hawa Watsi walianza 2012, kijana wa Marekani anaitwa Chase Adam alikua anajitolea Costa Rica, akiwa ndani ya basi akapanda mama anaomba hela za matibabu ya mwanae, ameshika karatasi zake za hospitali. Watu wakatoa. Jamaa akajiuliza mbona huyu wamempa? Sababu karatasi zinaonekana. Jina lenyewe ni la mji ambao basi lilikua linapita. Kwahiyo wakatengeneza tovuti, mgonjwa anawekwa na hospitali wanayoshirikiana nayo, picha, ugonjwa, gharama, unachangia hata dola 5, na mchango wako wote unaenda kwenye matibabu, mishahara yao wanaitafutia kwingine

Mama Mdogo: Na hela anapewa mgonjwa?

Kaka Mkubwa: Hapana inaenda hospitali

Dada Nesi: Hapo ndo penye siri yote. Mkinisikia mimi swali la kwanza liwe hela inaingia akaunti ya nani. Hata kwa mtu mnayemjua. Omba jina la hospitali na namba ya faili, piga simu mapokezi ya hospitali kwa namba uliyoitafuta MWENYEWE sio aliyokupa yeye, lipa kwa kashia, chukua risiti. Mama mwenye mgonjwa kweli hawezi kukasirika ukimuuliza hivo, atakwambia njoo tulipe wote

Mjomba: Na kama mtu ameshatuma kwa namba binafsi inaweza kurudi?

Shangazi: Tunamchangia nani sasa? Kaka tuwekee majina.

Kaka Mkubwa: Nimefungua hapa. Kuna mtoto wa mguu kifundo, mrembo huyo anacheka, amebakiza kidogo sana. Kuna mzee wa ngiri hajafika hata robo

Mama Mdogo: Mtoto jamani

Kitinda: mtotoooo

Dada Nesi: Haya mmeona? Kila mtu mtoto anayecheka. Mzee wa ngiri ana miaka hawezi kubeba hata ndoo, anafunga kitambaa kiunoni, ngiri ikijinyonga usiku utumbo unaoza na hapo bili inakua mara ngapi sijui na yeye hana uhakika wa kuamka. Upasuaji wenyewe ni mfupi kesho yake anaenda nyumbani. Lakini nani aweke picha ya ngiri kwenye status yake

Kitinda: 😂😂😂 dada

Dada Nesi: Nacheka lakini ndo ukweli, haya mambo yamekua kama mashindano ya urembo. Fistula hivo hivo, hakuna anayetaka kuisoma

Bibi: 🎤 0:09

Kitinda: bibi anasema mzee

Shangazi: Basi mzee.

Dada Nesi: Shangazi naomba niongeze moja halafu nanyamaza maana zamu imeniua. Sio hela yote iende kwenye kisu. Kuna mama alileta mtoto wa mdomo sungura kwetu, upasuaji ulishalipwa na wafadhili, bure kabisa, amesafiri siku nzima. Tumempima mtoto ana kikohozi kifua kinakoroma, huwezi kumpa nusu kaputi mtoto wa hivo, daktari akasema warudi baada ya wiki mbili. Yule mama hakubishana, akakunja khanga akafungua begi akapanga vitu tena, akahesabu hela zake mbele yangu zile za kurudia nyumbani akazikunja kwenye pindo. Hakurudi. Tulipiga simu mara tatu. Kitanda cha bure, daktari wa bure, nauli ya mara ya pili hana

Mama Mdogo: Duh

Dada Nesi: Na sio yeye peke yake. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilipiga hesabu, watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wanaoumudu. Kila mwaka watu milioni 33 wanavunjika kiuchumi kwa bili ya upasuaji na dawa ya usingizi. Halafu wengine milioni 48 juu ya hapo wanavunjika kwa vitu vya pembeni, nauli, kula, pa kulala anayemuuguza. Pembeni ni wengi kuliko bili!

Kaka Mkubwa: Hiyo sikuijua. Sasa nauli unamchangiaje mtu, hakuna tovuti ya nauli

Dada Nesi: Hospitali nyingi kubwa zina watu wa ustawi wa jamii. Wanawajua wote walioshindwa kurudi, unawauliza kama wanapokea mchango wa nauli, wanakuandikia risiti

Shangazi: Nimeelewa. Nusu kwa mzee wa ngiri, nusu ustawi wa jamii kwa nauli. Risiti zote mbili naziweka humu kesho. Na picha ya huyo mtoto mwenye kuituma aifute, sio wa kwetu kumtembeza hivi.

Mama Mdogo: Sawa kabisa 🙏

Kitinda: sawa

Mjomba: _Ujumbe huu umefutwa_

Kaka Mkubwa: Asante mjomba

Mjomba: Lile swali langu hamkujibu

Shangazi: Swali lipi?

Mjomba: La hela kurudi

Kaka Mkubwa: Mjomba usiniambie

Shangazi: Shemeji. Umetuma?

Mjomba: Nilituma kabla ya kuweka humu. Nilitaka niwe wa kwanza kutoa ndo niwaambie

Kaka Mkubwa: Piga huduma kwa wateja SASA HIVI waambie wazuie huo muamala, kama hajaitoa inaweza kurudi, usimpigie huyo mtu usije ukamshtua. Na tunza ile meseji ya muamala usiifute

Dada Nesi: Pole mjomba, walikuotea kwa huruma yako

Bibi: 🎤 0:04

Kitinda: bibi anasema umpigie ukimaliza

Mjomba: Nimepiga. Wananipigia muziki tu