Williams au Swarthmore: hesabu na uchumi, na uhandisi bado haujaamuliwa

Kokotoa

Salaam wakuu. Majibu yametoka na vyuo viwili vimekubali: Williams (Massachusetts) na Swarthmore (Pennsylvania). Mwisho wa kujibu ni Mei 1. Fani inayolengwa ni hesabu pamoja na uchumi, na mbele ya safari shahada ya uzamivu ya uchumi, ila uhandisi nao bado unavuta. Viza itakuwa F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni), na msaada wa fedha waliotoa unakaribiana. Orodha za viwango nimeshaziona, hazisaidii kitu. Nataka tofauti inayoonekana darasani na kwenye bili. Mngeanza kuangalia wapi?

Ubao_na_Chaki

Hongera mkuu. Anza na uhandisi, maana huo peke yake unaweza kumaliza mjadala. Swarthmore inatoa shahada ya uhandisi yenye ithibati ya ABET (shirika linalokagua ubora wa programu za uhandisi), na unaimaliza pale pale ndani ya miaka 4. Williams haina shahada hiyo. Njia yake ni mpango wa pamoja na chuo kingine kama Columbia: miaka 3 Williams, 2 kule, unatoka na shahada mbili. Ni mwaka wa ziada wa gharama, na ufadhili wa miaka ya mwisho unaamuliwa na chuo cha pili. Kwa hiyo kama uwezekano wa uhandisi ni wa kweli, Swarthmore. Lakini hata huko usijidanganye kwamba utaamua mwaka wa tatu: kozi za uhandisi zinategemeana, na asiyeanza hesabu na fizikia mwaka wa kwanza anajikuta kila kozi anayoitaka inadai nyingine ambayo hajaisoma.

Ukiuondoa uhandisi, tofauti kubwa ni jinsi mwanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne anavyofundishwa.

Williams wana kozi za tutoriali. Kwa kawaida wanafunzi hawazidi 10, wanagawanywa wawili wawili, na kila jozi inakutana na profesa peke yake kila wiki. Wiki hii unaandika wewe, kurasa 5 hadi 7, mwenzako anakukosoa. Wiki ijayo mnabadilishana. Kwenye hesabu mara nyingi insha inachukuliwa na uthibitisho unaoufanya ubaoni huku profesa akikuuliza kila mstari. Hakuna pa kujificha. Kinachoharibika kwa kawaida ni uwiano wa jozi: mmoja akija bila kujiandaa, saa nzima inalala. Anayesomea hesabu pale pia lazima atoe mhadhara mmoja mbele ya idara mwaka wa mwisho.

Swarthmore wana mpango wa Honors, ulioanzishwa 1922 na Frank Aydelotte kwa kuiga Oxford. Unaomba mwaka wa pili, wakati wa kuwasilisha mpango wako wa masomo. Unachagua maeneo kadhaa ya maandalizi, mengi ya fani kuu na moja la fani ndogo. Mengi yanapitia semina za krediti 2 zenye watu wachache, zinazokutana mara moja kwa wiki kwa saa kadhaa. Mwisho wa mwaka wa nne wanakuja watahini kutoka vyuo vingine, wanakupa mtihani wa kuandika na wa mdomo, na wao ndio wanaoamua daraja lako la Honors. Kwa mtu anayelenga uzamivu hili lina uzito, kwa sababu mwalimu wako anakuwa upande wako: mnajiandaa pamoja kumkabili mgeni.

Hatari yake ni ratiba. Hesabu kama fani kuu na uchumi kama fani ndogo vinakaa vizuri ndani ya Honors. Ukitaka vyote viwili viwe fani kuu kamili na bado ubaki kwenye Honors, chora mihula yote 8 kwenye karatasi kabla hujalipa amana.

Na kuchora huko usikufanye kwa kutumia katalogi peke yake. Idara ndogo inaorodhesha kozi nyingi ambazo hufundishwa mwaka mmoja zikarukwa mwaka unaofuata, au zinategemea profesa mmoja ambaye akienda likizo ya utafiti hakuna wa kuziba pengo. Tafuta ratiba halisi za miaka 3 iliyopita. Hesabu ni mara ngapi zimefundishwa uchambuzi halisi, aljebra dhahania, nadharia ya uwezekano, topolojia na ekonometria ya juu. Wanaochagua wanafunzi wa uzamivu wa uchumi huutazama uchambuzi halisi kabla ya kozi nyingi za uchumi wenyewe.

Karani_wa_Bili

Mimi niongelee pesa. "Unaokaribiana" ni neno la hatari. Usilinganishe ukubwa wa ruzuku, linganisha kinachobaki. Chukua gharama yote ya mwaka (ada, malazi, chakula, bima ya afya, vitabu, nauli), toa ruzuku peke yake. Mikopo na mshahara wa kazi ya chuoni visiingie kwenye hesabu ya kutoa, hata kama barua imevipanga kwenye safu moja na ruzuku. Williams, kuanzia mwaka wa masomo 2022–23, waliondoa kwenye msaada wao mikopo na sharti la mwanafunzi kuchangia kwa kufanya kazi. Swarthmore nao hawaweki mikopo, ila tazama mstari wa mchango wa mwanafunzi: hapo ndipo barua mbili zinazofanana huachana. Angalia pia bima ya afya na nauli ya ndege, kama zimo au utajitafutia.

Halafu kuna kodi, ambayo wengi hukutana nayo kwenye bili wakiwa wameshafika. Kwa mwenye F-1 anayehesabiwa kama mgeni kikodi, ruzuku inayolipia ada na vitabu vinavyotakiwa haitozwi. Inayolipia malazi na chakula inatozwa, na chuo hukata asilimia 14, isipokuwa nchi yako ina mkataba wa kodi na Marekani unaokuondolea. Mfano: ruzuku ya malazi na chakula ikiwa dola 18,000, makato ni dola 2,520. Ukijaza fomu 1040-NR mwaka unaofuata sehemu inaweza kurudi, lakini pesa unaitoa kwanza. Uliza kila chuo makato hayo yanaingia kwenye bili lini, na kama msaada unaweza kuyafidia.

Jambo la mwisho ni kazi baada ya shahada. OPT, yaani ruhusa ya mwenye F-1 kufanya kazi ya fani yake, ni miezi 12, na kwa fani zilizo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) unaongezewa 24. Hesabu imo. Uchumi unategemea namba ya CIP (namba rasmi ya Marekani ya kupanga fani) ambayo chuo kimeuandikisha: 45.0603 (ekonometria na uchumi wa kiidadi) imo, 45.0601 (uchumi kwa jumla) haimo. Muulize mshauri wa wanafunzi wa kigeni kwa barua pepe, jibu libaki kwa maandishi.

Kokotoa

Asanteni sana, hilo la kodi sikulijua kabisa. Je, mwaka wa kwanza wenyewe? Na mazingira yana tofauti ya maana, au ni mambo ya vipeperushi tu?

Njia_Panda

Yana maana, ila si zile picha za majani ya vuli.

Swarthmore, muhula wa kwanza kabisa rekodi yako inaonyesha umefaulu au hukufaulu, bila alama za herufi. Itumie kuchukua kozi ya hesabu ngumu kuliko ile ambayo ungethubutu. Kituo cha treni kiko ukingoni mwa chuo, na katikati ya Philadelphia ni kama nusu saa. Unaruhusiwa kusoma kozi kwenye vyuo jirani vya Haverford, Bryn Mawr na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lakini weka hesabu ya safari: kozi ya saa moja nje inakula nusu siku, na saa za vipindi hazioani vizuri. Ni njia ya kupata kozi moja iliyokosekana, si ya kujengea shahada.

Williams iko pembeni milimani, kiwanja cha ndege cha Albany ni kama saa moja kwa gari. Januari yote ni kipindi chao cha Winter Study: kozi moja tu, na unatakiwa kumaliza nne za aina hiyo kabla ya kuhitimu. Mwanahesabu anaweza kukigeuza mwezi wa kusoma jambo moja kwa kina. Kiangazi wana SMALL, mradi wa utafiti wa hesabu wenye jina. Ila jihadhari: fedha za NSF (shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi) kwa miradi ya aina hiyo ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, kwa hiyo uliza chuo kina fungu gani lake kwa wenye F-1. Uliza Swarthmore swali hilo hilo.

Hapa natofautiana kidogo na Ubao_na_Chaki: Honors isiwe sababu ya kuchagua kama hupendi mitihani ya mwisho yenye uzito mkubwa. Tutoriali unaweza kuijaribu mapema, ukaachana nayo. Honors ni ahadi ya miaka 2.

Karani_wa_Bili

Nyongeza. Ukiomba kuangaliwa upya msaada, fanya sasa, si Aprili 29. Tuma barua ya chuo kingine pamoja na hati yoyote mpya ya kipato, na taja mstari unaotofautiana kwa kiasi chake. Na usilipe amana vyuo viwili ili ujinunulie muda; wakigundua unaweza kukosa vyote. Ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni), dola 350, ilipe kwa namba iliyo kwenye I-20, fomu ya kuombea viza inayotolewa na chuo ulichochagua, na hiyo hiyo ndiyo uende nayo ubalozini.