Naingizia sauti muvi ya ikulu ya China, wateja wamenigomea. Naombeni ushauri

Fundi Maiki:
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda umiza hapa Musoma na muvi nyingi naziingizia sauti mwenyewe. Za ngumi hazinipi shida, unapiga kelele tu. Sasa nimeshika The Banquet, ile ya 2006 ya Feng Xiaogang, Zhang Ziyi akiwa malkia Wan. Imenikaba.

Kwa ambao hamjaiona: mfalme anauawa, ndugu yake Li anakalia kiti na kumwoa Wan, mjane wa marehemu. Mtoto wa marehemu, Wu Luan, alikuwa anapendana na Wan kabla baba mtu hajamchukua binti. Kijana akaumia, akaenda zake Wuyue kujifunza michezo ya vinyago. Sasa anarudi, na ami yake anamtafuta amuue.

Juzi nikaijaribisha. Nilipofika kwenye ndoa nikapandisha sauti: "Jamani, aibu gani hii!" Mzee mmoja mvuvi akajibu kutoka nyuma: "Aibu ya nini? Si karithi mjane wa ndugu yake? Ulitaka nani amlishe?" Kibanda kizima kicheko. Toka hapo wote wakawa upande wa Li.

La pili ni mwisho. Wan kabaki peke yake, ameshika kitambaa chekundu, ghafla anachomwa kwa nyuma. Aliyemchoma haonyeshwi! Wateja wakataka jina la muuaji au hela yao. Nimtaje nani?

Mama Nasra:
Pole mdogo wangu, lakini mzee kakushinda kihalali. Kosa la Li si kuoa, ni kuua. Wewe umemaliza pumzi kwenye harusi. Itunze mpaka Wu Luan anapocheza mchezo wa vinyago mbele ya ami yake, sumu inapulizwa kwenye sikio la mfalme, na Li amekaa anajitazama. Hapo hata usiseme kitu, acha ngoma ziseme.

Ngosha 77:
Mwisho sema ni kijakazi wake alihongwa. DJ ndiye mwenye muvi, Mchina yuko mbali hatasikia 😂

Mama Nasra:
Ningekuwa mteja wako ningedai hela mara mbili.

Bwana Hariri:
Mkuu, watu wa kwenye muvi ni wa kutunga. Kisa kimechotwa kwenye Hamlet ya Shakespeare (huyo huyo ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili, na hakuweka "jamani" kila mstari). Wakati wenyewe ni wa kweli: 907, utawala wa Tang umeanguka, China imegawanyika vipande.

Na hao Tang kwa ndoa za ndani walikuwa wanamzidi Li. Kaizari wao Gaozong alimchukua Wu Zetian, aliyekuwa suria wa baba yake. Kaizari mwingine, Xuanzong, akamchukua Yang Guifei, mke wa mwanawe wa kumzaa! Huyo Wu Zetian ndiye nataka uwasimulie, dakika moja tu kabla ya muvi kuanza: mwaka 690 alikalia kiti mwenyewe, mwanamke pekee wa China kutawala kwa cheo cha kaizari. Wakishamjua, hawatamtazama Wan kama mjane wa kulishwa. Anakubali kuolewa ili Wu Luan asiuawe, halafu taratibu kiti kinaanza kumnogea.

Mama Nasra:
Mimi wa kuniliza ni Qing Nü, binti wa waziri. Anampenda Wu Luan bila kupendwa. Kikombe cha sumu Wan kamwandalia Li, Li anampa binti kama zawadi ya wimbo, naye anakunywa. Hapo Fundi ongea polepole, kama uko msibani.

Fundi Maiki:
Mrejesho. Nimeirekodi upya, nimeianza na Wu Zetian. Ndoa nimeipita kimyakimya. Kwenye kikombe kijana mmoja wa bodaboda alipiga kelele "Usinywe!" Mwisho sijamtaja mtu. Walibishana mpaka mafuta ya jenereta yakaisha, na hela hakuna aliyedai. Ila yule mzee leo kaja asubuhi, kalipa tena, anataka nirudishe nyuma polepole auone mkono ulioshika kisu.