Kutoa rangi kwenye treni za mfano: spiriti, Dettol, mafuta ya breki au msasa?

MkongeReli

Wakuu, salaam.

Nimepata boksi la treni za mfano za kipimo cha HO zilizotumika, zile za 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi. Kuna kichwa cha dizeli cha plastiki, mabehewa ya mizigo ya plastiki, na kichwa kimoja cha mvuke ambacho bodi yake ni ya chuma kizito cha kumiminwa. Zote zimevaa rangi na maandishi ya reli za Marekani. Mimi nataka zivae maruni (wekundu wa giza) ya East African Railways (EAR), ile ya kabla shirika halijavunjika 1977, zikakae kwenye meza yangu ya Tanga–Korogwe–Mombo.

Dawa maalumu za kutolea rangi za modeli hapa Tanga sijaziona dukani. Vinavyopatikana ni spiriti ya duka la dawa, Dettol, mafuta ya breki kwenye maduka ya spea, thina, kostiki soda ya watengeneza sabuni, na msasa. Nipeni ulinganisho wa watu waliovitumia. Mimi naegemea spiriti. Jirani yangu anasema thina, "dakika tano umemaliza".

La pili: rangi mpya nipulize kwa kopo au nitafute eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa? Joto la huku mnalijua, na unyevu wake.

Pulizia_Ngamiani

Kazi yangu ni kupuliza magari, nipo Ngamiani. Huyo jirani asiguse treni zako. Anasema kweli kwamba dakika tano utamaliza, ila utakuwa umemaliza na bodi yenyewe. Thina ya rangi ya gari inayeyusha plastiki za aina hiyo. Uso unalainika, riveti na mistari ya milango inazama, na hakuna puti itakayoirudisha. Asetoni ni hivyohivyo, hata ile ya kutolea rangi ya kucha. Tumia thina kusafishia bunduki ya rangi, basi.

Habari ya kopo na unyevu nitarudi jioni, nina gari linakauka.

DawaBaridi

Spiriti ndiyo pa kuanzia kwa plastiki, ila soma chupa kwanza. Nyingi za dukani ni asilimia 70, iliyobaki ni maji. Hiyo inafanya kazi taratibu, na rangi nyingine inaishia kukunjamana tu bila kuachia. Ukipata isopropili (aina ya spiriti) ya asilimia 90 na kwenda juu, tofauti utaiona mwenyewe. Mafundi simu na kompyuta wanaitumia kusafishia bodi za umeme, waulize hao.

Namna ya kufanya: toa mota, taa, magurudumu na vioo vyote. Vioo usivisahau, plastiki angavu inaweza kupata nyufa ndogondogo ikilowa spiriti. Loweka bodi kwenye chombo chenye kifuniko, ukachungulie baada ya nusu saa. Rangi nyingine inavuka saa ileile, nyingine inataka kulala usiku mzima. Sugua kwa mswaki laini wa zamani, rudisha ndani, sugua tena. Na kabla ya yote, jaribu tone moja upande wa ndani wa bodi, pasipoonekana.

Inashika moto na mvuke wake unapanda kichwani. Fanyia barazani, mbali na jiko la mkaa. Watoto wasiwepo.

Mwana_Chumbageni

Dettol haijasemewa hapa nami nitaisemea, maana inadharauliwa kwa kuwa ni ya kunawia. Ile ya kahawia, bila kuongeza maji. Wanaopaka wanajeshi wadogo wa plastiki wanaitumia miaka mingi. Ni ya polepole lakini ni mpole kwa plastiki, na rangi za akriliki zilizopakwa kwa brashi inazitoa vizuri kuliko spiriti dhaifu.

Kuna kosa moja ambalo karibu kila mgeni analifanya: anaitoa bodi kwenye Dettol na kuipeleka moja kwa moja bombani. Dettol, rangi iliyolainika na maji vikikutana vinafanya utomvu mweupe unaonata, unaoingia kwenye kila pembe. Sugua kwanza na Dettol yenyewe mpaka rangi yote iondoke, futa kwa spiriti, ndipo uoshe kwa maji na sabuni ya vyombo. Vaa glavu, inakausha na kuunguza ngozi ikikaa.

Breki_Mzee

Vijana mnazunguka. Mafuta ya breki DOT 3. Tulikuwa tunatoa rangi kwa hayo kabla hamjajua spiriti ni nini. Yanafika pale spiriti inaposhindwa, hasa kwenye rangi nene ya kiwandani.

Ila angalieni chupa: DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za glaikoli, hizo zinakula rangi. DOT 5 ni ya silikoni, hiyo haitoi rangi hata ukiloweka hadi Idi.

DawaBaridi

Shikamoo mzee. Sikatai kwamba yanatoa rangi, hata matone yakidondokea gari yanaibabua. Ninachokataa ni plastiki inayobaki. Kuna bodi zinazotoka salama, na kuna zinazokakamaa mpaka ngazi na vishikio vinakatika ukivigusa. Huwezi kujua yako ni ipi mpaka imeshatoka. Halafu yana sumu ukimeza, yanapenya ngozini, na ukishamaliza utayamwaga wapi? Mtaro wetu unaishia baharini.

Breki_Mzee

Marahaba mwanangu. Ya kumwaga umeshinda. Rudisheni kwenye chupa, mpeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Ya plastiki bado nabishana: usiloweke usiku kucha, paka kwa brashi, subiri kidogo, sugua. Wanaoharibu ni wale wanaosahau kitu ndani ya ndoo.

Mwl_Kemia

Mnabishana plastiki wakati hatari kubwa ipo kwenye kichwa cha mvuke. MkongeReli, chuma kizito cha kumiminwa kwenye modeli karibu siku zote ni mchanganyiko wenye zinki nyingi. Kostiki soda inakula zinki, inakula na alumini, na ikila inatoa haidrojeni, gesi inayowaka. Weka bodi ya zinki kwenye kostiki, rangi itatoka na uso wa chuma utatoka nayo, umejaa vishimo. Usifanye. Kwa polistairini, plastiki ya modeli nyingi, kostiki hafifu haina neno, lakini kwa nini uhangaike na kitu kinachoweza kupofua jicho wakati spiriti ipo?

Kwa hiyo bodi ya chuma, hapo ndipo asetoni au thina ya jirani inapopata kazi halali. Sharti uhakikishe hakuna kipande cha plastiki kilichobaki. Kengele, vishikio na dirisha la dereva mara nyingi ni plastiki hata kama bomba lote ni chuma. Bonyeza kwa ncha ya sindano mahali pa siri kama una wasiwasi, plastiki itakubali, chuma hakitakubali.

Msasa mkavu kwenye modeli ya zamani sana, hasa ya bati, sikushauri. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake linavutwa. Ukilazimika, lowesha.

Usagara64

Naingia na swali la uchokozi: kwa nini utoe rangi kabisa?

Rangi ya kiwandani ni nyembamba na imeshika vizuri kuliko prima (rangi ya kutangulia) yoyote utakayopuliza wewe. Kama riveti bado zinaonekana kali, osha kwa sabuni, piga msasa laini wa maji juujuu ili mng'ao upungue kidogo tu, puliza prima, endelea. Shida pekee ni maandishi: yana kimo, na yakibaki yatajitokeza chini ya maruni kila mwanga ukipiga kwa ubavu. Yatoe hayo peke yake, kijiti cha meno na spiriti, unasugua polepole. Mabehewa yako yote ningeyafanya hivyo.

Kutoa yote nabakiza kwa modeli iliyokwisha pakwa kwa brashi na mtu mwingine, rangi nene mpaka milango imezibika. Na kama hicho kichwa cha mvuke ni cha zamani na boksi lake la asili lipo, fikiri mara mbili. Wakusanyaji hulipia rangi ya kiwandani, hata iliyochubuka, kuliko yako mpya.

MkongeReli

Usagara64 umenivuruga kwa wema. Kichwa cha mvuke hakina boksi na kimeshapakwa brashi na mtu, kijani cha geti. Hicho lazima kivuliwe.

Pulizia_Ngamiani

Nimerudi. Kopo na unyevu.

Kinachoharibu pwani kinaitwa ukungu: rangi inakauka na utando mweupe, kama vumbi la chaki. Rangi ya kopo ina viyeyushi vinavyoruka haraka sana. Vikiruka vinapoza uso, na hewa yenye unyevu mwingi inatua maji juu ya rangi kabla haijafunga. Masika usipulize kopo, wala alfajiri kabla umande haujaondoka. Siku kavu ya kaskazi, saa nne asubuhi mpaka saa tisa, kivulini, hakuna upepo wa kukuletea mchanga. Ukungu ukitokea usiongeze rangi juu. Subiri siku nzuri, msasa laini, rudia.

Eabrashi ni bora kwa sababu unachagua rangi ya akriliki ya maji, unapuliza kwa presha ndogo, psi 15 hadi 20, sindano ya milimita 0.3. Lakini kompresa lazima iwe na kinasa maji. Kwa hewa ya Tanga bomba linatoa matone, na tone moja likitua kwenye paa la behewa umeanza upya. Kopo lina nguvu nyingi mno kwa kitu kidogo hivyo. Ukikosa budi, litie kwenye maji ya uvuguvugu kidogo (si ya moto), anzia kupuliza nje ya modeli, pita, malizia nje. Mikono mitatu myembamba, si mmoja mzito.

Bodi ya zinki usiipulize rangi moja kwa moja, prima ya chuma kwanza.

Garratt_Mpenzi

Kuhusu maruni yenyewe. Wengi wanachukua picha ya Mount Gelai, namba 5918, iliyopo makumbusho ya reli Nairobi. Ni ya daraja la 59, Garratt (vichwa vya mvuke vya kujikunja) 34 zilizojengwa na Beyer Peacock, Manchester, 1955 na 1956, zote na majina ya milima. Rejea nzuri, ila usiniwekee 59 kwenye meza ya Tanga! Zilikuwa nzito, kazi yao Mombasa–Nairobi.

Na usichanganye maruni sawasawa na ya picha. Kwenye kitu cha 1:87 rangi inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, hasa chini ya taa ya ndani. Ipunguze giza. Usitumie nyeupe, utapata waridi. Tia chungwa kidogo au rangi ya udongo. Prima ya kijivu au ya kahawia nyekundu, kamwe si nyeusi, maruni juu ya nyeusi inakufa.

Nyongeza ya kuudhi: reli ya Tanga ina upana wa mita moja, na kwa 1:87 hiyo ni milimita 12. Zako za 16.5 ni za reli pana ya kawaida.

MkongeReli

Ya 12 naijua, naifumbia macho makusudi. Anayekuja kutazama treni hatoki na rula.

Basi mpango: mabehewa natoa maandishi tu kwa spiriti, dizeli nailoweka spiriti ya asilimia 99 kama nikiipata, vinginevyo Dettol. Kichwa cha mvuke navua kila cha plastiki halafu asetoni. Prima kijivu. Mzee, mafuta ya breki nimeyaweka akiba, usinune.

Limebaki moja. Herufi za EAR za njano nazipataje? Nikichapa kwenye karatasi ya dekali (michoro ya kubandika) angavu, juu ya maruni hazionekani.

Breki_Mzee

Sijanuna. Utanikumbuka.

Mwana_Chumbageni

Printa ya kawaida haina wino mweupe, na njano yake inapenya mwanga, kwa hiyo maruni inaimeza. Kuna njia mbili. Chapa kwenye dekali yenye mgongo mweupe, ukizungushia herufi maruni uliyoilinganisha, kisha ukate karibu kabisa na herufi. Ukingo utaonekana kidogo, uguse kwa brashi. Au bandika kwanza vipande vya dekali nyeupe tupu vyenye umbo la herufi, halafu njano angavu juu yake. Ya pili ni safi zaidi lakini inataka macho ya kijana.

Kwa vyovyote pulizia vanishi ya kung'aa kabla ya kubandika. Kwenye rangi isiyong'aa hewa inabaki chini ya dekali na utaona mng'ao wa fedha kuzunguka kila herufi. Ikikauka, vanishi isiyong'aa juu ya vyote. Na hiyo nayo usiipulize masika.