Fundi kaniaibisha mbele ya baba mkwe, kisha akasema mninga una damu

Wakuu wa jamvi, nawasalimu nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa sababu jambo hili limetokea mchana wa leo na sufuria za pilau hazijaoshwa. Simtaji jina. Kila aliyewahi kuagiza fanicha katika jiji hili la Dar es Salaam anamjua: ni yule fundi mwenye penseli sikioni ambayo hakuna binadamu aliyewahi kumwona akiitumia, na ambaye kazi yako huwa "imebaki kupigwa vanishi tu" tangu siku unapotoa malipo ya awali mpaka mwanao anapomaliza darasa la saba.

Niliagiza meza ya chakula ya mninga pamoja na viti vyake. Nilisema mninga wa Tabora, nikarudia, na nikakubali bei ya mninga. Leo wakwe zangu wamekuja kuila meza hiyo kwa macho. Baba mkwe alikuwa ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, akaegemeza kiwiko mezani, mahali palipomwagika maji kidogo, huku akinisifu kwamba nimejua kuchagua. Alipoinua mkono, mkono wa kanzu ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyetoka kuchinja ng'ombe.

Mungu naye ana mipango yake, kwa kuwa fundi alikuwa mlangoni wakati huohuo, amekuja kudai salio. Nikamwita aione kanzu. Badala ya kuomba radhi, alilamba kidole, akakisugua mezani, akakitazama kilivyogeuka chekundu, kisha akakiinua juu na kumwambia baba mkwe wangu bila haya: "Mzee, huo ndio uthibitisho. Mninga una damu."

Mninga una damu! Najua kwamba gome la mninga likijeruhiwa, mti ukiwa hai, hutoa utomvu mwekundu, na hilo halibishaniwi na mtu yeyote aliyewahi kuingia msituni. Lakini hii ni meza, ndugu zangu. Meza haina mishipa.

Wageni walipoondoka niliigeuza. Upande wa chini, ambao hakujisumbua kuupaka rangi, ni paini tupu: mbao nyeupe yenye mistari ya manjano, nyepesi, yenye vifundo vilivyonikodolea macho na harufu ya tapentaini. Sina ugomvi na paini ya shamba la miti la Sao Hill ikiuzwa kwa jina lake. Miguu, ambayo aliapa kwamba ameichongea ndimi na kuziingiza kwenye matundu yaliyochongwa kwa patasi, imeshikizwa kwa misumari, na mmoja umetokeza ubavuni. Hata hayo ningeyameza. Nisichoweza kukimeza ni kile kidole. Alikilamba! Mbele ya baba mkwe, ambaye aliondoka akiwa amekunja mkono wa kanzu, na mbele ya mama mkwe, ambaye aliniuliza kwa upole kama viti navyo vina damu.

Kitukuu wa Seremala: Pole sana mleta mada, ingawa nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Ungemuuliza meza yako ni ya kundi gani la damu, kwa sababu siku ukilazwa hospitalini inaweza kukufaa.

Mama Wawili: Huyo ninamjua! Ndiye aliyenitengenezea kitanda cha sita kwa sita ambacho mtu akigeuka usiku, mtaa mzima unapata taarifa. Nilipomlalamikia alisema kitanda kizuri lazima kizungumze.

Patasi Butu: Mimi ni fundi, na naomba kutetea kazi yetu. Huyo alitumia rangi ya unga iliyoyeyushwa kwa maji, akapitisha vanishi iliyochanganywa tina mpaka ikawa nyembamba, akakuletea. Rangi huachwa ikauke, hufuatiwa na sila ya kuziba vinyweleo vya mbao, hupigwa msasa laini, ndipo vanishi hupakwa tabaka baada ya tabaka. Hata hivyo, mleta mada, anayeujua mninga hasubiri kugeuza meza. Huinyanyua upande mmoja tu, na uzito ukamjibu. Au ulipunguziwa bei ukanyamaza?

Mleta mada: Sikupunguziwa hata senti moja. Tafadhali turudi kwenye suala la kidole.

Mtoto wa Mji Mkongwe: Nyinyi wa bara mnalia kwa ajili ya meza, na mimi nilie na nani? Niliagiza mlango wa nakshi, wa msaji, wenye mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu na misumari ya shaba kama ilivyo ada yetu hapa Unguja. Nakshi ilikuja nzuri, sina la kusema. Misumari ilikuwa ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu, na upepo wa bahari haukuiachia hata msimu mmoja, kwa hiyo sasa mlango umechirizika kutu kutoka juu mpaka kizingitini na watalii wanaupiga picha wakidhani ni wa zama za Sultani.

Kitukuu wa Seremala: Mlango nao una damu.

Mleta mada: Jamani, alikilamba kile kidole mbele ya baba mkwe!

Mama Wawili: Tumeelewa, ndugu yangu. Patasi Butu, kwa kuwa upo, nisaidie. Kabati langu la mkongo linafungika wakati wa kiangazi tu. Masika yakianza, milango inakwama mpaka nguo tunazichukua kwa kuvutana. Fundi aliniambia mkongo ni mti mkaidi.

Patasi Butu: Mkongo hauna kosa. Ulitengenezewa mbao mbichi, au ubao wa katikati ya mlango uligandishwa kwa gundi pande zote. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, wala si kwa urefu, kwa hiyo ubao huo huachwa ucheze ndani ya mfereji wa fremu bila gundi.

Mtoto wa Mji Mkongwe: Na milango yetu ya zamani ilitengenezwa na watu waliolijua hilo.

Mama Wawili: Basi nimwite mtu aupige randa mlango wa kabati sasa hivi?

Patasi Butu: Usithubutu, mama. Ukiupiga randa sasa ukiwa umevimba, kiangazi kikifika utabaki na mwanya wa kupitisha paka. Subiri mvua ziishe, kisha nitumie picha ya bawaba.