Like zinakuja, wanunuzi hamna

mama_magauni: Jamani nauza magauni ya mtumba kutoka soko la Owino hapa Kampala, napost Facebook kila siku lakini hawanunui, nifanyeje?

kijana_wa_ntinda: Dada, Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, mteja wa hapa lazima awashe VPN (app ya kupita kizuizi) kwanza ndo akuone, hamia TikTok na status ya WhatsApp. Na weka bei! Hiyo "njoo inbox" inachosha.

fundi_cherehani: Vipimo pia, maana saizi 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, pima kifua, kiuno na urefu kwa sentimita uandike.

mama_magauni: Asanteni. Na wateja wa mbali, kama wa Mbarara, wanaoogopa kutuma mobile money kabla?

kijana_wa_ntinda: Mpigie video call aone gauni lenyewe, atume nusu, ingine akishapokea mzigo kwa basi.